Toa maoni sasa, rasimu ingali rasimu

Rafiki yangu mpendwa,

Salamu nyingi. Mimi ni mzima, na natumaini barua hii itakukuta nawe u mzima, goti limepona na umerudi kutembea. Barua yako nimeipata jana jioni. Nimeirudia leo asubuhi, maana jana niliisoma nikiwa na hasira kama zako, na hasira hazisomi vizuri.

Kwamba wasimamizi wa mlima wenu wanataka kuifunga njia ya upande wa magharibi, waweke kibali kwa wanaokwenda kileleni na kuwazuia kabisa waendesha baiskeli, hilo limenishtua. Lakini kilichoniuma zaidi ni maneno yako ya mwisho, kwamba hutakwenda kwenye mkutano wa maoni kwa sababu wameshaamua na wanawaita kukamilisha ratiba tu. Naomba unisikilize kwanza.

Unayoyasema yapo, sitakubishia. Nimewahi kukaa kwenye mkutano wa namna hiyo. Tangazo lilibandikwa kwenye geti la mlima ambalo lilikuwa limefungwa, kwa hiyo waliolisoma ni wale waliofika hapo na kurudishwa. Mkutano wenyewe uliitishwa asubuhi ya siku ya kazi. Ukutani palikuwa na ramani moja, njia tuliyoizoea imekatwa kwa wino mwekundu, na nguzo za uzio mpya zilikuwa tayari zimechimbiwa ardhini. Mzee mmoja mfugaji alisimama akauliza ng'ombe wake watapita wapi kwenda kunywa maji wakati wa kiangazi. Akajibiwa kwamba swali lake limepokelewa. Mimi nilikuwa nimekaa nyuma ya mwandishi wa kumbukumbu, na daftari lake nililiona: hakuandika neno hata moja kuhusu ng'ombe wala maji.

Ule haukuwa ushirikishwaji, na ni haki yako kuuchukia. Ila tofauti yake na huu wenu ni kubwa. Wewe umeniambia kwamba kilichotolewa ni rasimu, na kwamba ina njia mbadala tatu ambazo bado hazijachaguliwa. Nguzo hazijachimbiwa. Samaki mkunje angali mbichi, ndugu yangu, na huyu wenu bado anakunjika.

Kuna mkataba uliotiwa saini mwaka 1998 katika mji wa Aarhus, Denmark, kuhusu haki ya watu kupata habari za mazingira na kushiriki katika maamuzi yanayoyahusu. Nchi zilizojiunga nao nyingi ni za Ulaya, lakini ibara yake ya 6 ina sharti moja ambalo ningependa kila anayesimamia mlima alibandike juu ya meza yake: wananchi washirikishwe mapema, wakati machaguo yote bado yako wazi. Kila ninaposoma tangazo la mkutano wa maoni, popote pale, hilo ndilo ninalotafuta kwanza. Je, bado kuna kitu cha kuchagua? Kama kipo, ninakwenda.

Angalia yaliyotokea Uingereza. Tarehe 24 Aprili 1932, mamia ya watu, wengi wao vijana wafanyakazi wa viwandani kutoka Manchester na miji ya jirani, walipanda nyanda za juu za Kinder Scout bila ruhusa. Wenye ardhi walikuwa wameitenga kwa ajili ya kuwinda ndege, na watembeaji walikuwa wakifukuzwa na walinzi. Vijana watano walifungwa jela. Watu wengi wanaijua hadithi hiyo hadi hapo, nao wanaipenda kwa sababu ina ujasiri. Mimi napenda zaidi sehemu isiyosimuliwa sana. Sheria ya hifadhi za taifa ilikuja mwaka 1949, eneo lile likawa sehemu ya hifadhi ya kwanza ya taifa nchini humo mwaka 1951, na haki ya kutembea kwa miguu kwenye milima na nyanda za wazi za England na Wales ikapitishwa mwaka 2000. Hapo ndipo kazi ngumu ilipoanza, maana sheria yenyewe haikuonyesha mpaka wa kila nyanda unapita wapi. Ilibidi ramani zichorwe.

Ramani hizo zilipita hatua tatu: rasimu, ramani ya muda, kisha ramani ya mwisho. Kwenye hatua ya rasimu mtu yeyote aliweza kutoa maoni. Ukiona kipande cha nyanda kimeachwa nje, unaandika, unaeleza kwa nini ni sehemu ya mlima. Kwenye hatua ya pili, waliokuwa na haki ya kukata rufaa ni wenye ardhi na wenye maslahi ya kisheria katika ardhi hiyo. Mtembeaji wa kawaida mlango wake ulikuwa mmoja, nao ulikuwa rasimu. Aliyesubiri mpaka mambo yapambe moto alikuta zamu yake imekwisha. Ndiyo maana nakusihi hivi. Mikutano ya mwisho ndiyo yenye kelele na wapiga picha, lakini mstari kwenye ramani unasogezwa mapema, kwenye karatasi ambazo watu wachache wanazisoma.

Sasa, ukienda, usiende na kauli ya "mlima ni wetu sote." Najua unaiamini, na mimi naiamini, lakini haina mahali pa kuandikwa. Anayekusanya maoni ana jedwali mbele yake, na jedwali linataka jambo. Wewe unayo mambo ambayo hakuna mtaalamu wa ofisini anayeyajua. Umeniandikia mwenyewe kwamba ile kona ya tatu juu ya kijito ndiyo iliyoharibika, kwamba watu wanaikata wakishuka, na kwamba pale penye tope njia imegawanyika kuwa vijia vitatu kwa sababu kila mtu anakwepa kulowa. Hayo ndiyo maoni! Andika ni kona ipi, ni upande upi, linatokea mwezi gani.

Maana ukilieleza hivyo, linabadilisha swali lenyewe. Rasimu inasema njia imeharibika kwa sababu ya wingi wa watu, kwa hiyo ifungwe. Inawezekana. Lakini mara nyingi njia ya mlimani huharibiwa na maji kuliko miguu. Njia iliyopandishwa moja kwa moja kwenye mteremko hugeuka mfereji: mvua ikinyesha, maji hayana pa kutokea ila kuifuata njia, yanabeba udongo, mawe yanabaki wazi, watu wanahamia pembeni, majani ya pembeni yanakufa, na mfereji unapanuka. Wajenzi wa njia wana kanuni yao kwamba mwinuko wa njia usizidi nusu ya mwinuko wa mteremko inaoukata, ili maji yavuke njia na kushuka zake badala ya kuisafiria. Kama kipande chenu cha magharibi kimekwenda kinyume na hapo, kukifunga hakutakiponya haraka. Mfereji utaendelea kula udongo hata pasipo na mtu. Dawa yake ni kuihamisha sehemu ile, kuweka matuta ya kutoa maji, na kuifunga kwa muda wakati kazi inafanyika. Kufunga kwa muda kwa sababu inayojulikana na kufunga moja kwa moja ni mambo mawili tofauti kabisa, na rasimu nyingi huyachanganya. Wapanda miamba wa nchi nyingi wamezoea kuacha miamba fulani msimu ambao ndege kama kozi wanataga na kulea makinda, kisha wanarudi. Wanakubali kwa sababu wanaambiwa ni mwamba gani, mpaka lini, na kwa ajili ya nani.

Kuhusu kibali, hapa huenda tutatofautiana. Wewe unakikataa kwa jumla. Mimi nataka kwanza kujua kinatibu nini. Kule kwenye hifadhi ya Yosemite, Marekani, njia ya kwenda kilele cha Half Dome humalizikia kwenye mwamba mkali ambao watu wanaupanda kwa kushika nyaya za chuma. Siku za msongamano watu walikuwa wanabanana pale juu, wasiweze kupanda wala kushuka, na dhoruba ikiwakuta humo ni hatari ya kufa. Vibali vya majaribio vilianza mwaka 2010. Kisha mamlaka ya hifadhi ikaweka mezani machaguo mbalimbali ili watu wayatolee maoni, mojawapo likiwa kuziondoa nyaya kabisa, na mwishowe ikachaguliwa idadi ya watu 300 kwa siku, kwa bahati nasibu. Hata wasioupenda uamuzi huo walijua ulikuwa unatibu nini. Waulize walioandika rasimu ya hapo kwenu: idadi mliyoiweka imetoka wapi? Mlihesabu lini, siku za sikukuu au siku za kawaida? Mwenye kibali asipofika, nafasi yake inakwenda kwa nani? Na asiye na simu wala kadi ya benki ataombaje? Hilo la mwisho lisisitize. Kibali kinachopatikana kwa mtandao tu kinafunga mlima kwa watu wale wale waliozoea kufungiwa.

Nikuambie na jambo jingine, ingawa najua halitakufurahisha. "Umma" si sisi tunaopanda kwa kujifurahisha tu. Uluru, lile jabali kubwa la kule Australia, ulirudishwa rasmi kwa wenyeji wake wa asili, Waanangu, tarehe 26 Oktoba 1985. Kwao jiwe lile ni takatifu, na kwa miaka mingi waliwaomba wageni wasilipande. Wageni wakaendelea kupanda. Mwaka 2017 bodi ya hifadhi, ambayo wengi wa wajumbe wake ni Waanangu, ilipiga kura kuifunga njia ya kupandia, na ikafungwa tarehe 26 Oktoba 2019. Ungehesabu watu tu, wapandaji wangewashinda Waanangu mara nyingi sana. Na bado mimi naona uamuzi ule ulikuwa wa haki. Wenye jiwe walikuwa wameketi kwenye viti vya kuamua, hawakuwa wanasubiri zamu ya kutoa maoni ya dakika tatu.

Kule Devils Tower, mwamba mrefu kama mnara katika jimbo la Wyoming, Marekani, walitafuta njia nyingine. Mpango wa mwaka 1995, uliotengenezwa na kikundi kilichowakutanisha wapanda miamba na wawakilishi wa makabila ya wenyeji, unawaomba wapandaji wauache mnara ule mwezi wote wa Juni, kwa hiari, kwa sababu ndio mwezi wa ibada. Si wote wanaotii. Wengi wanatii, na nadhani ni kwa sababu waliketi pamoja na walioomba.

Kwa hiyo kabla ya mkutano, watafute wasiokuja. Wafugaji wa bonde la chini, wanaochota maji kwenye kile kijito, wapagazi na waongozaji wanaoishi kwa njia hiyo. Nakumbuka wazo la magari ya kamba, yale yanayoning'inia kwenye waya, huko Kilimanjaro lilipotangazwa mwaka 2019; wapagazi na waongozaji walipaza sauti kwa sababu walijua mzigo usiobebwa mgongoni ni mshahara usiolipwa. Hakuna mpandaji aliyeweza kulisema hilo vizuri kuliko wao. Waombe waendesha baiskeli nao waje, hata kama wamewahi kukusukuma pembeni. Wakifukuzwa wao leo kwa maelezo ya mistari miwili, maelezo ya mistari miwili yatatosha kukufukuza wewe kesho. Huenda wakakubaliana na zamu: siku zao na siku zenu, au njia yao ya kushukia iwe ile pana ya kusini. Mkifika mezani mmeshakubaliana, ofisi itapata taabu kuwagawanya.

Na usiridhike na kusema kwa mdomo. Andika, weka tarehe, baki na nakala yako, omba wakupe uthibitisho wa kupokea. Kisha dai kitu kimoja ambacho watu husahau kukidai: majibu. Maoni yakikusanywa, itolewe karatasi inayoonyesha walisemaje, kipi kimekubaliwa, kipi kimekataliwa na kwa sababu gani. Mzee wangu wa ng'ombe angekataliwa kwa sababu, angejua pa kwenda na hoja yake. Alichopata ni "limepokelewa", na kwa neno hilo huwezi kukata rufaa popote.

Omba pia kipindi cha kuupitia uamuzi wenyewe kiandikwe ndani ya mpango, baada ya misimu kadhaa ya mvua, na hao hao waliotoa maoni waitwe tena wakaione ile kona. Mlima haukai vilevile, na mpango usio na tarehe ya kupitiwa huwa wa milele hata kama uliitwa wa majaribio.

Umesema mwisho wa kupokea maoni ni mwisho wa mwezi. Nipigie picha za kiambatisho chenye ramani, hasa pale njia ya magharibi inapovuka kijito, pamoja na ukurasa wenye zile njia mbadala tatu. Nitausoma wikiendi hii na kukuandikia kipengele kwa kipengele, nawe utoe yasiyofaa na kuongeza unayoyajua. Kama una picha za ile kona ulizopiga wakati wa mvua na nyingine za kiangazi, zitafute sasa, maana tutaziambatisha.

Wasalimie wote hapo nyumbani.

Wako akupendaye,
rafiki yako