Taarifa ya mwaka ya mwenyekiti: akidi, ada, na lile suala la wanachama washiriki

Ndugu wanachama, walimu wetu mlionitangulia kwenye kiti hiki, madaktari wenzangu wa usingizi, salaam kwenu nyote na asanteni kwa kuja.

Shughuli za kawaida nazipitia haraka kwasababu mnazijua. Kamati tendaji imekaa kila robo mwaka kama katiba inavyotaka, vikao vya mtandaoni vya kujadili kesi ngumu vimeendelea kila mwezi isipokuwa kipindi cha mitihani ya ubingwa, tarehe 16 Oktoba tumeadhimisha Siku ya Anesthesia Duniani, tumeenda vyuoni kuongea na wanafunzi wa udaktari juu ya fani yetu, na ule mwongozo wa kufunga kabla ya upasuaji tumeuchapisha upya (masaa 6 kwa chakula chepesi, masaa 2 kwa maji, tafadhali tuache kuwashindisha watoto na kiu toka usiku). Hesabu za fedha atazisoma mweka hazina.

Kwa takwimu, daftari lina wanachama 186, waliomaliza ada ya mwaka huu ni 71, waliolipa nusu 19, wanaodaiwa miaka miwili na zaidi 64, waliobaki wanadaiwa mwaka huu tu, wanachama wapya 12, na washiriki waliojiandikisha toka tufungue mlango ni 48.

Sasa hapo kwenye hao 48 ndipo penye maneno, na najua wengine mmekuja leo kwa ajili hiyo tu, kwahiyo nitakaa hapo.

Kamati tendaji, chini yangu, iliamua wauguzi wa usingizi na wataalamu wengine wanaotoa dawa za usingizi bila kuwa madaktari waruhusiwe kujiunga kama wanachama washiriki, wahudhurie mafunzo yetu, walipe ada yao, lakini wasipige kura wala wasigombee uongozi. Ni hivyo tu. Hakuna aliyepewa cheo cha ubingwa, na hakuna aliyeambiwa kazi ya muuguzi na ya bingwa ni moja. Lakini kwenye grupu nimesoma kwamba mwenyekiti ameuza fani, kwamba nimeshusha hadhi ya watu waliosoma miaka mingi, na mmoja akaandika kwamba niliamua gizani bila kuwauliza wanachama.

Hilo la gizani ndilo linaloniuma zaidi, kwasababu niliwauliza. Tuliitisha mkutano maalum, ajenda ikatumwa mapema ikiwa na jambo hilo moja peke yake, akidi yetu ni theluthi moja ya wanachama yaani watu 62, wakaja 41. Tukaahirisha, tukaitisha tena, safari hii tukaweka na njia ya kuhudhuria mtandaoni ili aliye zamu asikose, wakaja 37. Sasa mlitaka nifanye nini? Katiba inairuhusu kamati tendaji kuamua jambo lisiloweza kusubiri halafu ililete kwenye mkutano mkuu liridhiwe, na ndicho tulichofanya, muhtasari upo, sahihi zipo. Asiyekuja mara zote mbili halafu anasema hakuulizwa, kwa heshima zote, hanitendei haki.

Na kwanini niseme lilikuwa haliwezi kusubiri? Kwasababu nyote mnajua nani anamlaza mgonjwa kwenye hospitali ndogo. Mama wa kujifungua kwa upasuaji saa nane usiku, mbali na sisi mabingwa, anachomwa ganzi ya mgongoni na muuguzi wa usingizi, au na mtu aliyefundishwa kazini miezi michache tu, na presha ikishuka ni huyohuyo anayejua au asiyejua la kufanya. Kamisheni ya jarida la kitabibu la Lancet ya mwaka 2015 ilisema watu bilioni 5 duniani hawapati upasuaji na usingizi salama pale wanapouhitaji, ikapendekeza ifikapo 2030 kila nchi iwe na angalau mabingwa 20 wa upasuaji, usingizi na uzazi, wote kwa pamoja, kwa kila watu 100,000. Kwa kasi ya kusomesha bingwa mmoja mmoja miaka kadhaa, nani kati yetu anaona tunafika? Na viwango vya usingizi salama vilivyotolewa 2018 na Shirika la Afya Duniani (WHO) pamoja na Shirikisho la Dunia la vyama vyetu vya madaktari wa usingizi vinasema kila inapowezekana usingizi utolewe, uongozwe au usimamiwe na daktari bingwa. Mimi neno kuongoza nalichukua kwa uzito. Huwezi kumwongoza mtu ambaye humjui hata jina, hujawahi kumwona akifanya kazi, na kwenye mafunzo yako umemfungia mlango.

Waliokuja kwenye mafunzo ya njia ya hewa walijionea. Kikundi kimoja cha washiriki kilipewa sanamu ya mtu ya kufanyia mazoezi, na mwalimu alikuwa ameuelekeza mrija wa kupumulia kwenye umio, yaani njia ya chakula, kusudi. Aliyeshika stethoskopu akasema nasikia hewa pande zote mbili, na mnajua wote jinsi masikio yanavyodanganya hapo. Dada mmoja, muuguzi wa usingizi, hakumjibu, akaangalia skrini ya kapnografia, ile mashine inayopima hewa ya kaboni anayoitoa mgonjwa akipumua, mstari umelala, hakuna hata kilima kimoja, akasema toa mrija sasa hivi, akarudi kwenye maski na begi, kifua kikanyanyuka. Baada ya hapo akauliza swali ambalo lilituweka mpaka tukachelewa kula, kwamba kule kazini kwake hiyo mashine hawana, wana kipima oksijeni cha kidoleni tu, na oksijeni inachelewa kushuka, sasa yeye atajuaje kwa wakati? Mabingwa watatu wakabishana mbele yake, mwisho wakakubaliana: aone kwa macho yake mrija ukipita kwenye nyuzi za sauti, aangalie kifua, na akiwa na shaka atoe. Kesi ya pili ilikuwa sumu ya dawa ya ganzi, wengi walikuwa hawajawahi kusikia kwamba tiba yake, mafuta ya asilimia 20 yanayoingizwa kwenye mshipa wa damu, yanaanza na mililita 1.5 kwa kila kilo ya uzito. Sasa wanajua. Hiyo kweli ndiyo kushusha hadhi?

Tena niseme wazi, mafunzo yale hayakujileta. Andiko la kuomba ufadhili niliandika mimi, sanamu mbili nimezifuatilia mimi mpaka zikafika, na fungu la dina ya kufunga kongamano tulilihamishia huko kwa pendekezo langu. Wapo waliokasirika kukosa dina, ila sanamu zipo na zitatumika miaka.

Nije kwenye majukumu. Katibu wetu na mweka hazina wamefanya kazi kubwa, nawashukuru. Lakini kamati ndogo ya mafunzo haikukaa, ya utafiti ilikaa mara moja ikapanga tarehe ya kukaa tena, na ya ustawi wa wanachama, ambayo ndiyo ingeshughulikia uchovu wa hawa vijana wetu wanaokesha zamu mfululizo, sijapata ripoti yake hata moja. Tunapenda kuchaguliwa, picha ya pamoja tunajaa, kazi ikianza simu hazipokelewi. Mwenyekiti hawezi kuwa katibu wa mafunzo, mtunza tovuti na mpiga simu za kukumbusha watu kikao.

Na ada jamani. Hatuwezi kudai serikali itusikilize wakati hata nusu yetu hatujamaliza kulipa. Mkaguzi wa hesabu analipwa kutoka humo, tovuti humo, na mchango wetu kule kwenye Shirikisho humohumo. Barua ndefu kuliko zote za kunilaumu iliandikwa na mwenzetu anayedaiwa toka mwaka juzi, nami nilimjibu kila hoja kwa adabu.

Mwaka ujao tunatarajia kuanza mpango kazi mapema zaidi, kila kamati ndogo ilete lengo moja inaloweza kulitimiza, mafunzo yafike kanda nyingi kadiri uwezo utakavyoruhusu, tuanze daftari la kuripoti matukio ya hatari bila majina, na Mungu akijalia tuongee na wizara kuhusu kapnografia kwenye kila chumba cha upasuaji. Uchaguzi nao unakuja, wenye nia waanze kujitokeza, hasa vijana.

Kura ya kuridhia uamuzi wa wanachama washiriki ni ajenda namba 5 leo. Anayepinga asimame apinge hapa, nitamsikiliza mpaka mwisho. Kwa mujibu wa katiba wanaopiga kura ni waliomaliza ada tu, na mweka hazina yupo mlangoni na kitabu cha risiti mpaka ajenda hiyo itakapofunguliwa.