Plagi nyeusi

Umoja, Nairobi

Ndugu yangu Kahindi,

Salaam kutoka huku kwenye baridi. Sisi sote wazima, na mama watoto anakusalimu sana. Karisa ameniambia unaona haya hata kunipigia simu, eti pikipiki uliyoniuzia inanisumbua. Wacha hayo, bwana. Pikipiki haina neno, na mimi sina dai.

Ni kweli ilipofika Nairobi ilianza kukohoa asubuhi na kukosa nguvu mlimani. Fundi wa hapa stejini kila nikimwendea dawa yake ni moja: plagi mpya, kile kidude kinachotoa cheche ya kuwasha petroli. Ikitiwa, pikipiki yaenda vizuri, kisha baada ya muda ni yale yale. Nikanunua spana ya plagi, namba 18, nikaifungua mwenyewe hapa ploti. Ncha ilikuwa nyeusi tititi, imejaa masizi makavu kama sufuria ya kuni.

Masizi ya namna hiyo maana yake petroli imezidi hewa. Nyinyi Malindi mko usawa wa bahari. Huku tuko mita 1,700 hivi juu yake, na hewa ni nyepesi. Kabureta haina habari kwamba imepanda bara, yamimina petroli kwa kipimo kile kile cha pwani. Masizi yakishajaa, umeme unapitia humo badala ya kuruka kama cheche. Juu ya hayo, filta ya hewa ilikuwa imezibwa na vumbi. Nikaisafisha, na fundi mwingine akatia jeti (kitundu kinachopitisha petroli) ndogo kidogo kwenye kabureta. Kuna aliyenishauri nishuke kutoka plagi ya namba 8 hadi ya namba 7, kwa kuwa kwa plagi za kampuni ya NGK namba ikishuka plagi huwa ya moto zaidi na huchoma masizi. Huko ni kufunika kidonda bila kukiosha. Sasa ncha ni kahawia hafifu, ndiyo rangi tunayoitaka.

Basi nasikia nawe wataka kubadilisha yako nyumbani. Ngoja injini ipoe kabisa, maana kichwa chake ni cha alumini na uzi wake hukwanguka ukifungua ingali moto. Vuta kofia ya plagi, usivute waya. Kabla ya kulegeza, puliza pale shinani hadi pawe safi. Mchanga wenu huo ukidondokea ndani ya silinda utakula ukuta wake.

Dukani usikubali plagi kwa sababu tu "inaingia". Huku Kirinyaga Road utapewa yoyote usiposema namba. Yangu ni ya mtindo wa CG125 ya Honda, hutumia D8EA: D ni upana wa uzi, milimita 12, 8 ni kiwango cha joto, E ni urefu wa uzi, milimita 19. Uzi ukiwa mrefu kupita kiasi, pistoni yaweza kuugonga. Yako tazama kwenye kitabu chake. Plagi bandia nazo zimejaa. Ile pete ya chini ikitoka kwa urahisi ukiizungusha kwa vidole, rudisha. Na iliyoanguka sakafuni usiitie, kauri yake huweza kupasuka ndani usione.

Pima mwanya wa pale nchani cheche inaporuka, wangu ni milimita 0.6 hadi 0.7. Kisha anza kuifunga plagi kwa vidole, si kwa spana. Ikikataa, irudishe nyuma uanze tena, usiilazimishe. Ikishakaa, iongeze nusu mzunguko kwa spana kama pete ni mpya, kisha uache. Mafundi wetu hukaza kama wanaofunga nati za lori, halafu kichwa kinaharibika na bili ni yako.

Ukifungua ile ya zamani, usiifute wala kuitupa. Ipige picha ncha yake unitumie. Ikiwa nyeupe, huenda hewa imezidi petroli. Ikiwa imelowa oili, usihangaike na plagi, kamuone fundi wa ringi na vali kabla hujatumia pesa dukani.

Wako,
Mwambire