Malalamiko kuhusu safari ya uvuvi wa kale iliyokosa zana za kale

Meneja wa Huduma kwa Wateja,
Dar es Salaam.

Ndugu Meneja,

YAH: MADAI YA KUREJESHEWA NUSU YA MALIPO YA SAFARI YA UVUVI, BAGAMOYO

Husika na kichwa cha habari hapo juu.

Jumamosi iliyopita mimi, mke wangu, binti yetu na baba yangu mzazi tulishiriki safari yenu ya Bagamoyo mnayoitangaza kuwa ni siku ya uvuvi wa kale, ambayo niliilipia shilingi 180,000 kwa kila mtu, yaani jumla ya shilingi 720,000. Tangazo lenu, ambalo nimeliambatanisha pamoja na stakabadhi, linaahidi ngalawa ya tanga, mishipi ya pamba, madema (mitego ya samaki) yaliyosukwa kwa mkono, na samaki watakaochomwa ufukweni kwa makaa ya vifuu mara tu baada ya kuvuliwa. Bahari tunayo jirani na nyumbani, na samaki wa kuchoma hatuna shida ya kuwapata. Nililolilipia mimi ni hilo neno “kale”, kwa sababu baba yangu alikuwa mvuvi wa Kilwa Kivinje tangu ujana wake, na nilitaka mjukuu wake aanze kumwelewa kwa kumwona akiwa na mshipi mkononi.

Ngalawa haikuwapo. Tulipandishwa boti ya faiba yenye mashine, tukaelezwa kwamba upepo haukuwa mzuri. Hilo ningeweza kulisamehe, kwani upepo hauamriwi na kampuni, ingawa ngalawa tatu zilitupita zikiwa zimejaza matanga wakati maelezo hayo yakiendelea kutolewa.

Mishipi tuliyopewa ilikuwa ya nailoni, mipya, ikiwa bado kwenye vibao vya plastiki vyenye karatasi ya bei ya dukani. Nailoni ilitangazwa kwa mara ya kwanza nchini Marekani mwaka 1938, na baba anasema kwamba alipoanza kuvua pamoja na babu yake, katika miaka ya 1960, mshipi wa mzee huyo ulikuwa bado wa pamba, na ilikuwa kazi yake yeye mtoto kuuloweka katika maji ya magome ya mikoko ili usioze upesi. Naomba nieleweke vizuri: hatuna ugomvi na nailoni. Baba mwenyewe aliikimbilia alipoipata, akaachana na pamba bila kujuta hata siku moja. Lakini hakuwahi kumuuzia mtu nailoni kwa jina la pamba.

Jambo lililotusikitisha zaidi ni dema. Mlikuwa nalo moja, zuri kwa kulitazama, limepakwa vanishi na limefungwa kamba nyekundu, na nadhani lilitengenezwa kwa ajili ya kupamba ukumbi wa hoteli. Baba alilizungusha mara mbili, akaingiza mkono, kisha akamuuliza kijana wenu kwa upole kama limewahi kushusha hata samaki mmoja pwani. Mlango wa dema husukwa ukiwa mpana upande wa nje na kufinyika kadiri unavyoingia ndani, ili samaki apite kwa urahisi lakini asione njia ya kutokea. Mlango wa dema lenu ulikuwa umefungwa kinyume, upana ukiwa ndani na wembamba nje, kiasi kwamba samaki angelazimika kuwa na nia ya kweli ndipo aingie, na angetoka bila taabu yoyote. Halikuwa na chambo. Lilishushwa saa tatu asubuhi na kupandishwa saa tano, ilhali dema hulazwa majini usiku kucha, na wavuvi wengi hulirudia siku ya pili maji yanapokupwa. Isitoshe, siku mliyotupangia ilikuwa ya maji mafu, ambapo maji hayakupwa vya kutosha kuacha miamba wazi, wakati mtu yeyote wa pwani angewashauri msubiri bamvua, maji yanapokupwa sana. Dema lilipanda likiwa na mwani kidogo. Binti yangu alipiga picha, na picha hiyo nimeiambatanisha pia.

Kwa mishipi tulipata changu wawili wadogo, ambao baba aliwarudisha majini. Kijana wenu alipoona ndoo ni tupu, alivuta gunia kutoka omoni, mbele ya boti, na kupendekeza tutege nyavu zilizokuwamo. Zilikuwa nyavu za timba, zile za nailoni ya uzi mmoja, ambazo Kanuni za Uvuvi za mwaka 2009 zimezipiga marufuku. Tulikataa. Simlaumu kijana huyo, kwa kuwa alikuwa akijitahidi wageni wasirudi mikono mitupu, na kwa sehemu kubwa ya siku alikuwa mtu mwema na mwangalifu. Lakini ni nani aliyeziweka nyavu hizo katika boti ya kampuni inayojinadi kwa uvuvi wa asili? Swali hili nalihitaji lijibiwe kwa maandishi.

Tulipofika ufukweni tulikuta samaki wanane tayari kwenye wavu wa chuma, juu ya mkaa uliowashwa kwa mafuta ya taa. Tuliambiwa kuwa ni wa asubuhi ile. Macho yao yalikuwa meupe na yamezama, mashavu yalikuwa na rangi ya kahawia badala ya wekundu, na mmoja alikuwa bado na barafu tumboni. Zaidi ya hayo, walikuwa sato. Sijui kampuni yenu ina maelezo gani kuhusu samaki wa maji baridi kupatikana katika safari ya baharini, ila mezani pale baba alicheka hadi akatoa machozi, na hicho ndicho kicheko pekee alichokipata kwa shilingi 180,000.

Nieleze pia tulichokuwa tumekitarajia, ili isionekane kwamba tulidai anasa. Samaki wa ufukweni, kwa namna baba alivyotulea, huoshwa kwa maji ya bahari na kuchomwa na magamba yake, kwa sababu magamba huilinda nyama na moto na baadaye hubanduka pamoja na ngozi. Vifuu huachwa viwake hadi moshi uishe. Samaki hugeuzwa mara moja tu, kisha hukamuliwa ndimu, na anayependa hupaka tui zito lililotiwa ukwaju na pilipili. Hakuna gharama hapo. Vifuu vilikuwa vimetapakaa chini ya minazi, hatua ishirini kutoka kwenye jiko lenu, na mafuta ya taa mliyatoa mjini.

Kwa kuwa usafiri na chakula tulivipata, kwa namna yoyote vilivyokuwa, sidai fedha zote. Naomba nirejeshewe shilingi 360,000 ndani ya siku 14 tangu mtakapoipokea barua hii, na tangazo lirekebishwe lieleze zana mlizonazo kweli. Nisipopata jibu katika muda huo, nitawasilisha suala hili Tume ya Ushindani, kwa kuwa Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003 inakataza kumpotosha mlaji kuhusu huduma anayouziwa.

Baba amenituma niongeze jambo moja, nami nalifikisha kama alivyolisema. Dema lenu limesukwa kwa mikono mizuri, na kosa lake ni la mlango tu. Likifumuliwa upande huo na kufungwa upya litavua, mradi vanishi ikwanguliwe kwanza. Yuko tayari kuifanya kazi hiyo bila malipo, mkimletea dema nyumbani siku yoyote isiyo Ijumaa.

Wako mwaminifu,

Mteja wenu,
Dar es Salaam.