Slipu yangu ya mshahara imezungushwa ukoo mzima

Shangazi, shikamoo.

Mimi ni muuguzi huku Uingereza; mume na watoto wako nyumbani Kenya. Nimetoka zamu ya usiku asubuhi hii, nikaoga, nikajilaza, usingizi ukakataa. Sasa ni karibu saa sita mchana na bado nasikiliza ule ujumbe wa sauti wa mama mkwe. Anamwambia mume wangu, "Mwanangu, umeoa benki lakini funguo hukupewa." Kisha wanacheka. Na katika kile kicheko namsikia mume wangu naye yumo. Hilo ndilo linaloniua. Mama mkwe ni mama mkwe, lakini yeye?

Nikueleze ilivyokuwa usije ukadhani mimi ni mchoyo. Aliniomba slipu ya mshahara mwenyewe. Alisema anataka tu kuelewa, maana kila akiniuliza nabakiwa na ngapi namjibu "si nyingi", na jibu hilo limemchosha. Nikaipiga picha nikamtumia. Mke na mume, nimfiche nini? Jioni ile ile slipu ilikuwa kwenye kikundi cha WhatsApp cha kwao, na jina langu kamili na makato yangu yote. Shemeji mmoja akaichukua ile pauni 1,984 iliyo chini kabisa, akaizidisha kwa shilingi 170 na ushei, akaandika: laki tatu na arobaini. Wakaanza kumpa mume wangu pole. Pole, Shangazi. Mwanamume ambaye watoto wake wamelipiwa karo ya muhula mzima anapewa pole.

Hakuna hata mmoja aliyesoma mistari ya juu. Huku hospitali za serikali muuguzi anaanzia bendi ya 5, yaani ngazi ya tano ya mshahara, na mwaka wa fedha wa 2025/26 bendi ya 5 ilianzia pauni 31,049 kwa mwaka. Kwa mwezi ni 2,587. Hapo pensheni inachukua zaidi ya mia mbili, kodi ya mapato mia mbili sitini na kitu, bima ya taifa mia moja ishirini na kitu. Ndipo inapobaki hiyo 1,984 waliyoizidisha. Na hiyo nayo hailali kwangu. Chumba ni pauni 530. Nasema chumba, si nyumba. Jiko na choo twatumia watu wanne. Basi ni pauni 3 kwenda na pauni 3 kurudi, na hapo serikali ndiyo imeweka kikomo nauli isipite hapo. Nauli yangu ya kwenda tu, nyumbani ningepandia matatu karibu wiki nzima. Kuna chakula, kuna simu, kuna makoti na viatu vya baridi ambavyo huwezi kusema utavumilia. Kisha nageukia nyumbani: kodi ya nyumba wanayokaa, karo, dada wa kazi, mkopo wa sacco niliochukua kufanyia mtihani wa Kiingereza na kulipia usajili wa baraza la wauguzi la huku. Na dawa za sukari za baba mkwe. Nani hulipa dawa za baba mkwe kila mwezi? Ni mimi. Halafu mkewe ndiye anayenitungia maneno ya funguo.

Usinielewe vibaya, sijuti kuja. Kule kwetu nilikuwa nikibaki na elfu arobaini na kitu baada ya makato, na mwezi kaunti isipopata fedha kutoka Nairobi twakaa wiki tatu twahudumia wagonjwa kwa mikopo ya duka. Huku mshahara hauchelewi hata siku moja. Ukifanya kazi usiku au Jumamosi saa zile zinaongezwa asilimia 30, Jumapili na sikukuu asilimia 60, na zinaonekana kwenye slipu bila kumbembeleza mtu. Lakini kwa ile elfu arobaini nilikuwa na nyumba ya vyumba viwili Mombasa, nikila samaki, nikitoka zamu nakuta watoto wameshaogeshwa. Watu wanalinganisha mshahara na mshahara. Mbona hawalinganishi kinachobaki mtu akishalala, akishakula na akishafika kazini?

Wao wananilinganisha na binamu yao aliyekuwa Riyadh, eti yeye muuguzi vilevile na alijenga. Ni kweli alijenga, nami nampenda na nilimpongeza. Lakini kule hakatwi kodi ya mapato hata riyali moja, alilala nyumba ya hospitali, alipelekwa kazini na basi la hospitali, tiketi ya likizo analetewa. Mshahara wake ulikuwa mdogo kuliko wangu kwa karatasi na ulikuwa mkubwa kuliko wangu mfukoni. Nimemweleza mume wangu haya zaidi ya mara moja. Anaitikia, kisha anakwenda kwa mamake na kurudi na hesabu ya laki tatu na arobaini.

Sasa kuna jambo jingine, nalo bado hajalijua.

Hospitali moja ya London imenikubali. Ni bendi ileile ya 5, ila London ya ndani wanaongeza asilimia 20 kwa ajili ya ugumu wa maisha, kwa hiyo barua yao inasoma pauni 37,259. Barua hiyo ikifika kwenye kile kikundi najua kitakachofuata. Watazidisha na wataona zaidi ya milioni sita kwa mwaka. Nani atakaa chini nimweleze? Mimi nimeshakaa chini peke yangu na kikokotoo. Kwa kuwa mshahara umepanda, hata kiwango cha pensheni kinapanda, kodi inapanda, na mkononi nitapata kama 2,285. Ile nyongeza ya zaidi ya elfu sita kwa mwaka inanifikia kama pauni 300 kwa mwezi. Na chumba cha London, mahali ambapo nitaweza kufika wodini kwa saa moja na nusu asubuhi, sijaona chini ya 950. Nitalipa zaidi ya mia nne juu ya ninazolipa sasa nipate mia tatu. Basi la London ni rahisi kuliko la hapa, hapo nitaokoa kidogo, lakini basi halijazi pengo hilo.

Tena nikiondoka hapa kabla ya muda tuliokubaliana, hospitali yangu itanidai sehemu ya gharama walizonileta nazo, tiketi na ule mtihani wa vitendo. Na viza lazima iombwe upya kwa jina la mwajiri mpya kabla sijaanza kazi.

Utaniuliza, sasa unakwenda kufanya nini? Wale wa London wamesema watanisomesha uuguzi wa wagonjwa mahututi, na mtu akishakuwa na ujuzi huo anaweza kuomba bendi ya 6, ambayo mwaka huo wa 2025/26 ilianzia 38,682 kabla hata ya nyongeza ya London. Nafanya kwa ajili ya familia. Naangalia mbele. Hapa nilipo wodi ni ya wazee, nawapenda wazee wangu, lakini nitabaki hapohapo.

Na kusema ukweli, Shangazi, nataka kwenda mahali ambapo ukoo mzima haujui ninapata ngapi.

Kuna watoto pia. Mdogo nilimwacha hajaanza kusoma. Muuguzi bado anaruhusiwa kuleta mume na watoto; ni wale wahudumu wa nyumba za wazee waliofungiwa mlango Machi 2024. Nilikuwa nimeanza kuweka akiba. Viza ya zaidi ya miaka mitatu mwaka 2025 ilikuwa pauni 590 kwa kila kichwa, na wao ni vichwa vitatu. Ushukuriwe Mungu sisi wa afya hatutozwi ile ada ya matibabu inayowamaliza wengine. Kuna vipimo vya kifua kikuu, kuna tiketi, kuna pesa za kuonyesha benki kama mwajiri hataki kuwadhamini. Kisha nyumba. Huku nilipo nyumba ya vyumba viwili naiona kwa mia nane. London kwa mia nane hawatakupa hata cha kulaza watoto. Kwa hiyo nikienda London, watoto nawasogeza mbali. Najua. Msinisomee hilo, nalijua, nimelia nalo.

Nilifikiri niwalete watoto kwanza, baba yao afuate baadaye mambo yakitulia. Nikauliza. Nikaambiwa watoto hawapewi viza kumfuata mzazi mmoja hali mwingine amebaki nyumbani, ila kwa sababu maalumu kama malezi yote yako juu ya mmoja. Na mimi siwezi kuandika kwamba malezi yote ni yangu. Ni baba mzuri, anawapeleka madrasa, anawakagua vitabu, mdogo akiwa na homa analala naye kifuani. Kwa hiyo nikitaka watoto lazima nimtake na yeye, na namtaka, ni mume wangu, lakini nikikumbuka kile kicheko namwona anafika hapa anakaa kwenye kochi la watu akinihesabia. Mara nyingine namtamani hadi machozi. Mara nyingine nasema akae huko huko na mamake.

Nilimpigia simu kumwuliza kwa nini aliisambaza slipu yangu. Akasema, "Hao ni ndugu zangu, si watu wa nje." Nikamwuliza kwa nini alicheka. Akanyamaza, kisha akasema mtandao ni mbaya. Tangu siku hiyo tunaongea karo na M-Pesa tu.

Sisi ni watu wa dini. Siku ya nikaha yetu ustadhi alisema waziwazi mbele ya wazee wote kwamba nafaqa, yaani matunzo ya nyumba, ni juu ya mume na mali ya mke ni ya mke. Mimi sijawahi kumtolea hoja hiyo. Kazi yake ya bandarini ilipopungua nilibeba nyumba bila kusema neno, wala sikumwambia mtu, hata mamangu mzazi hajui. Nimemsitiri miaka yote. Yeye siri yangu moja ilimshinda jioni moja.

Ndiyo maana nilikuwa na wazo, na hapa ndipo ninapotaka unisaidie. Nikienda London nimwambie nimehamishwa tu, mshahara ni uleule. Niendelee kutuma ninachotuma sasa, nisipunguze hata senti. Ule ujuzi nikiupata, nikipanda bendi ya 6, ile ziada iende kwenye akaunti nyingine ambayo haimo kwenye simu yoyote ya kwetu. Iwe ya nyumba ya watoto, au ya makazi ya kudumu, maana ombi la makazi ni zaidi ya pauni 3,000 kwa mtu mmoja na Mei 2025 serikali ya huku ilisema inataka kuitoa ile miaka mitano ya kungoja makazi iwe kumi. Si ya anasa. Je, huo ni uongo au ni kujilinda? Maana mimi sitaki kumdanganya. Nikimwambia kweli, hata ile kweli yenye makato yote, ataipeleka kule na itarudi ikiwa milioni sita.

Au niiache London, nikae hapa kwenye nyumba za mia nane, nimlete na watoto, tukae meza moja na slipu moja? Jana usiku niliona hilo ndilo jema. Alfajiri nikausikiliza tena ule ujumbe.

London wanataka jibu kabla ya mwisho wa mwezi. Ukinijibu tafadhali usitaje mji niliopo wala wodi, watu wa Pwani huku tunajuana na wifi yangu hukusoma.

Muuguzi, Kaskazini mwa Uingereza