Kuku usiwapakie kwanza

Nzuguni, Dodoma
Agosti

Foibe mwenzangu,

Mbukwenyi! Huku wazima, Neema kapona mafua, vumbi ndilo linalotutawala. Salamu zingine utazikuta huko chini, kwanza hili: hao kuku uliosema utanitumia, usimpe konda Jumamosi. Nakuomba. Banda bado halina mlango, na nguchiro wanakatiza uani mchana kweupe kana kwamba hati ya kiwanja ina jina lao.

Najua umeshaahidi, na wewe ukiahidi hulali. Ngoja nikueleze tulipofikia.

Lile rundo la mbao ulilolikalia siku tunapaua unalikumbuka? Paa likaisha, rundo likabaki: vipande vya mbili kwa nne, mbili kwa mbili za futi tatu tatu, na zile mbao pana za kumwagia zege la lenta, saruji imegandia. Kila mtu akaja na dai lake. Fundi Yaredi anasema mabaki ni haki ya fundi. Bibi yake Neema akizitazama anaona kuni tu. Baba Neema kaamua zitunzwe, siku moja tutaongeza chumba. Siku moja! Wewe umekulia Mpwapwa, unawajua mchwa wa Ugogo, hiyo siku moja hawaisubiri. Nilipoinua mbao za chini nikakuta wameshajenga njia zao za udongo, ubao ukiubonyeza kidole kinazama. Nikasema basi, hili ni banda la kuku na linaanza leo.

Yaredi nimemalizana naye kwa vipande vya vigoda na ugali wa mchana. Bibi ndiye bado tumenuniana. Zile za kenchi zina rangi ya kijani, yaani zimetiwa dawa, na dawa hiyo mara nyingi ina aseniki. Nikamwambia mama, hizi hazipikiwi, moshi wake na majivu yake ni sumu. Kanijibu kwamba kapikia kuni miaka yote na wanawe ni hawa hapa. Haya. Nimezificha nyuma ya tenki. Hata maranda yake nimekataza yasitandikwe kwenye viota, maana kuku hudonoa kila kitu. Maranda nitaomba kwa seremala anayeranda mbao zisizo na dawa.

Kwa hiyo za kijani nimezifanya miguu na fremu ya paa, huko kuku hawafiki. Kuta, sakafu na vichanja ni zile za lenta. Hizo ndizo zilizonitoa jasho! Saruji inaua meno ya msumeno, inabidi uisugue kwanza kwa brashi ya waya, halafu ung'oe misumari na kuinyoosha juu ya jiwe. Neema kawa fundi mkuu wa kunyoosha misumari, kidole kimoja kimevimba, ila hakubali kuachia nyundo.

Sasa ugomvi wenyewe. Sakafu nimeinyanyua futi mbili kutoka chini. Baba Neema anataka banda likae chini, limwagiwe zege, yaishe. Zege la nani, na saruji bei hii? Na Mzee Chilongani, unamjua, kila jioni lazima apite atoe maoni: "Kuku wa Kigogo alilala ndani ya tembe pamoja na ndama, nani alimjengea ghorofa?" Nikamuuliza, na ugonjwa wa kideri ulipopita, mzee, walibaki wangapi? Akacheka, akaomba maji ya kunywa.

Mimi nina sababu zangu. Banda likinyanyuka unaona chini yake, kicheche hana pa kujifichia, na sakafu nikiiachia nafasi za kidole kimoja kinyesi kinadondoka chini, nazoa na kupeleka kwenye mchicha. Halafu, narudi kwa walewale, mchwa. Kila mguu umesimama ndani ya kopo la oili chafu, juu ya tofali. Wakitaka kupanda waogelee. Makopo nimeyazungushia mawe ili kuku wasije kunywa humo, na kila nikipita nachungulia kama kuna udongo unaopanda. Baba Neema kaniona nimeinama hapo usiku na tochi, kasema nimerogwa.

Upande wa mashariki nimeuziba wote kwa mbao, maana upepo wa huku unatokea huko na mwezi huu unapeperusha hata ndoo. Kaskazini na kusini ni mbao hadi kiunoni, juu wavu. Wavu nimenunua, huo sikuweza kuuokota, tena wa matundu madogo, ule mwepesi kicheche anauchana. Vichanja nimevipiga randa kingoni visiwaumize miguu. Eneo ni futi sita kwa tano. Kwa kuku watano kila mita ya mraba, kumi wako na jogoo wanaenea, na nafasi inabaki. Ukisikia moyo unakutuma kuongeza wawili watatu, mimi sitakuzuia.

Kilichobaki ni mlango. Mbao za kutosha zipo, bawaba nimenunua, ila fremu ilikaa upande na Yaredi kapata kazi Ihumwa, harudi mpaka wiki ijayo. Nami sitaki kufunga kwa kamba kuku wa watu waliosafiri.

Ndiyo maana naomba uwaweke wiki mbili. Na kwa kuwa utakuwa nao, wapatie chanjo ya kideri huko huko, lile tone la jichoni, ili hadi wanapanda basi iwe imeshawaingia. Gharama niambie, nitatuma kwenye simu. Huku nitaendelea nao kila miezi mitatu.

Mguu wa mama unaendeleaje? Yona alirudi, au bado yuko na yale madini yake? Yule jogoo unayemleta siyo yule aliyemkimbiza mchungaji, sivyo? Msumeno wangu mdogo uko kwako au kwa Janeth? Maana wote wawili mnanyamaza nikiuuliza. Na matetea, wapo walioanza kutaga, au nisubiri hadi mvua?

Wakija waje kwenye tenga, siyo kwenye boksi kama wale wa Krismasi. Nijibu kabla ya Ijumaa, konda asije akapita kuwachukua.

Wako,
Mama Neema