Secretariat ana uzao, someni upande wa mabinti

Mhariri,

Makala yenu ya kumbukumbu ya Secretariat, farasi wa mbio wa Marekani, niliisoma kwa raha mpaka aya ya mwisho. Hapo mwandishi wenu akahitimisha kwamba farasi huyo alitisha uwanjani lakini kazi ya kuzalisha ikamshinda. Kauli hiyo naisikia miaka nenda miaka rudi, na kila nikiisikia huuliza swali moja: mabinti zake mliwahesabu?

Kuhusu mbio sina ugomvi naye. Mara 21 uwanjani, ushindi 16, wa pili mara tatu, wa tatu mara moja. Mataji matatu ya Marekani, yaani Kentucky Derby, Preakness Stakes na Belmont Stakes, aliyakusanya mwaka 1973, wa kwanza kufanya hivyo tangu farasi Citation mwaka 1948. Ila kwenye Kentucky Derby mwandishi amepita mbio mno. Ameandika muda, dakika 1 na sekunde 59.4, akaendelea na safari. Utamu wa siku ile ya Mei 5 umo ndani ya muda huo. Farasi wengi huanza kwa nguvu kisha wakapungua. Secretariat alitoka nyuma kabisa, na kila robo maili akaikimbia kwa kasi kuliko iliyotangulia: sekunde 25.2, kisha 24, kisha 23.8, kisha 23.4, na ya mwisho 23. Yaani anafika mwisho wa maili moja na robo akiwa bado anaongeza mwendo! Sham, aliyemaliza wa pili, alikimbia mbio ambazo mwaka mwingine zingempa taji.

Belmont Stakes ya Juni 9 haina haja ya maneno yangu. Maili moja na nusu kwa dakika 2 na sekunde 24, na aliyemfuata yuko nyuma kwa umbali wa farasi 31 waliopangwa pua kwa mkia. Rekodi ile haijavunjwa. Tiketi 5,617 zilizombashiri mshindi siku ile hazikurudishwa dirishani kuchukuliwa pesa. Wenyewe waliona karatasi ni bora kuliko dola mbili na senti ishirini.

Sasa habari ya moyo. Mmeandika kwamba moyo wake ulipimwa ukakutwa na kilo 10. Haukupimwa. Alipokufa Oktoba 4, 1989, kwa ugonjwa wa kwato, daktari Thomas Swerczek aliyemchunguza alikadiria kwa jicho tu kwamba ulifika pauni 22, ndizo hizo kilo 10. Alioupima kwa mizani ni wa Sham, miaka kadhaa baadaye: pauni 18. Ulikuwa moyo mkubwa wa ajabu, hilo halina shaka, lakini makadirio yabaki kuwa makadirio.

Nirudi kwenye aya iliyoniudhi. Ili kuelewa kwa nini watu walisema ameshindwa, lazima kwanza tujue walikuwa wanamdai nini. Christopher Chenery, mwenye shamba la The Meadow kule Virginia alikozaliwa farasi huyu, alifariki Januari 1973, na familia ikakabiliwa na kodi kubwa ya mirathi. Binti yake, Penny, akakubali farasi auzwe kwa hisa kupitia Seth Hancock wa shamba la Claiborne, Kentucky: hisa 32, kila moja dola 190,000, jumla dola 6,080,000. Huo ulikuwa mwezi Februari, kabla hata hajagusa taji moja kati ya yale matatu. Mwenye hisa alinunua haki ya kupandisha jike wake kila mwaka, na kwa pesa ile hakutegemea mtoto wa kawaida. Alitegemea Secretariat wa pili.

Mkosi ukaanza mapema. Vipimo vya kwanza vilitia shaka kama mbegu zake zimekomaa, wakaamua kumjaribu kwa majike wasio wa Thoroughbred, ile aina ya farasi wa mbio. Ndiyo maana mtoto wake wa kwanza, First Secretary, ana mama wa aina ya Appaloosa na madoadoa matakoni. (Picha zake zitafuteni, zinachekesha.) Kisha mwaka 1976 mwanawe Canadian Bound akauzwa mnadani Keeneland kwa dola milioni moja na nusu, farasi wa kwanza wa umri wa mwaka mmoja kuvuka milioni kwenye mnada wa wazi. Hakushinda mbio hata moja. Jina baya likaanzia hapo, na likishabandikwa halibanduki.

Lakini hata tukiwatazama watoto aliowazaa mwenyewe, neno kushindwa linawafaa vipi hawa? General Assembly alishinda Travers Stakes ya 1979 kwa dakika 2 kamili. Risen Star alichukua Preakness na Belmont mwaka 1988. Kingston Rule alikwenda kushinda Melbourne Cup ya 1990 kwa rekodi, dakika 3 na sekunde 16.3, mbio za maili mbili kule Australia. Na Lady's Secret, jike, akawa Farasi Bora wa Mwaka wa Marekani 1986, mwaka ambao aliwachapa madume kwenye Whitney, mbio zilezile ambazo baba yake alishindwa na farasi Onion. Hilo la Whitney mimi hulifurahia kila mara.

Nakubali jambo moja bila kubishana: hakuna mwanawe wa kiume aliyesimama zizini akawa mzazi mkubwa. Ukimfuata kuumeni, mstari unafifia upesi. Mwandishi wenu ameishia hapo. Ametumia kipimo cha kuumeni peke yake, kana kwamba mtoto wa binti si mjukuu.

Basi twende kukeni. Terlingua, binti wa Secretariat, alikuwa na kasi ya kutisha akiwa na miaka miwili. Mwaka 1978 aliwashinda madume kwenye Hollywood Juvenile. Alipopelekwa kwa dume Storm Bird akamzaa Storm Cat. Huyu Storm Cat alikimbia mara nane tu, akashinda nne, na ada yake ya kupandisha ilianzia dola 30,000. Kabla ya kustaafu ilifika dola 500,000 kwa jike mmoja.

Binti wa pili, Weekend Surprise. Kwa Storm Bird huyohuyo alimzaa Summer Squall, mshindi wa Preakness ya 1990. Kisha, Machi 1989, kwa Seattle Slew, akamzaa A.P. Indy. Tazameni tarehe hiyo: babu alikuwa hai bado pale Claiborne, amebakiwa na miezi sita. Mjukuu akauzwa dola milioni 2.9, akashinda Belmont ya 1992 na Breeders' Cup Classic, akawa Farasi Bora wa Mwaka, kisha akaja kuongoza orodha ya madume wazalishaji, ile inayopangwa kwa pesa walizoshinda watoto wao, mwaka 2003 na 2006. Mwaka huohuo wa 1992 Secretariat mwenyewe aliongoza orodha ya baba wa majike wazazi Amerika Kaskazini, ile inayohesabu ushindi wa watoto wa mabinti zake. Mwandishi wenu hakuigusa orodha hiyo hata kwa neno moja.

Binti wa tatu, Secrettame, mama wa dume Gone West. Wa nne, Six Crowns, mama wa dume Chief's Crown. Naweza kuendelea, lakini nafasi yenu naijua.

Wala hili halikuzuka tu. Mama wa Secretariat, Somethingroyal, alikuwa binti wa Princequillo, dume aliyesifika kuliko wengi kwa mabinti waliozaa mabingwa. Wapo wafugaji wanaosema siri ni kromosomu X, ambayo dume humpa binti na kamwe hampi mwana wa kiume, na kwamba ule moyo mkubwa husafiri kwa njia hiyo. Mgawanyo wa kromosomu ni sayansi ya kawaida. Habari ya moyo ni nadharia ambayo haijathibitishwa, nami sitaiuza kama ukweli. Mbao za matokeo zinanitosha.

Na mbao hizo zinasemaje? Karne hii ni farasi wawili tu waliotwaa mataji yote matatu. American Pharoah, 2015: babu mzaa mama ni Yankee Gentleman, mwana wa Storm Cat. Justify, 2018: mfuate kuumeni kwa Scat Daddy, Johannesburg na Hennessy, unafika kwa Storm Cat. Tapit, aliyeongoza orodha ya wazalishaji mwaka 2014, 2015 na 2016, ni mjukuu wa A.P. Indy. Nyuma ya kila mmoja wao yuko binti wa Secretariat: Terlingua kwa wawili wa kwanza, Weekend Surprise kwa Tapit.

Ombi langu ni dogo. Mnapochapisha jedwali la nasaba kabla ya mbio kubwa, huwa mnaweka baba, baba wa baba, na jina la mama. Ongezeni safu moja ya baba wa mama. Na katika makala ile, kama mtaiweka tena, aya ya mwisho iondoeni au mumpe mwandishi airudie akiwa na orodha ya mwaka 1992 mkononi.

Msomaji wenu wa siku nyingi