Si kila jasho hudai kinywaji cha chupa

Mhariri,

Naomba nafasi niseme kwamba vinywaji vya rangi wanavyonadiwa wanamichezo si lazima kwa kila mtu. Mwenye haraka ya kurejesha glikojeni, yaani akiba ya wanga iliyomo misulini, ni yule anayefanya mazoezi makali na kurudi uwanjani siku hiyohiyo. Huyo hushauriwa kupata takriban gramu 1 ya wanga kwa kila kilo ya uzito wake, kila saa, kwa saa 4 za mwanzo. Sisi wakimbiaji wa jioni hutoshwa na mlo wa kawaida. Maziwa, ingawa hayatangazwi kwa kishindo, yana maji, sodiamu, wanga na protini kwa pamoja. Na kila kilo 1 ya uzito iliyopotea kwa jasho hufidiwa kwa takriban lita 1.5 za kinywaji, zinywewe polepole.

Msomaji wako